Bunduki Ndogo ya .22: Fedha Chache Zigawanywe Namna Gani?

Mtu atakaye kitoweo cha kindi au cha sungura hana haja ya bunduki kubwa. Hata hivyo wengi huingia dukani na fedha chache, wakatoka na bunduki nzuri iliyozimeza zote, pasipo kubakiza senti ya kununulia risasi za kujifunzia. Matokeo huonekana msituni: mnyama hupigwa tumboni, hukimbia na damu yake, akaenda kufia shimoni asikopatikana na mtu.

Katika Kenya habari hizi ni za kusikia tu, kwani uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini katika Marekani, mathalani majimbo ya Kentucky na Missouri, kuwinda kindi ni desturi ya tangu zamani ya wakulima na watu wa mishahara midogo. Na katika miji ya Kentucky kama Louisville na Lexington zimo sasa jamaa nyingi zisemazo Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo. Huko kindi ni nyama halali ya mezani, wala hakuna anayemcheka mtu kwa kumpika.

Kabla ya kuuliza bei, hapana budi kuuliza sheria. Kwa sheria ya taifa, muuza bunduki mwenye leseni hawezi kumwuzia bunduki ya namna hii mtu aliye chini ya miaka 18, na kila mnunuzi hujaza hati ya maswali na kuchunguzwa habari zake kabla hajakabidhiwa kitu. Mgeni mwenye ukaazi wa kudumu aweza kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ile ya masomo, amekatazwa hata kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa amo katika ruhusa chache zilizoandikwa, ambazo mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Asiye na kibali chochote cha kukaa nchini amekatazwa. Jambo hili si dogo. Mwanafunzi aliyeazimwa bunduki na binamu yake kwa Jumamosi moja tu, hali hana leseni hiyo, aweza kufungwa, kupoteza masomo yake na kurudishwa kwao, naye alikwenda kutafuta mchuzi. Mwenye shaka na aende kwa mwanasheria kwanza, dukani baadaye. Leseni ya kuwinda hutolewa na jimbo, si taifa, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe amehitimu mafunzo ya usalama. Kila jimbo pia lina majira yake na idadi yake ya wanyama kwa siku.

Risasi itumikayo zaidi ya zote ni ile iitwayo .22 Long Rifle, iliyotolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887. Upana wake haufiki milimita 6, na kipande cha risasi kinachoruka huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi. Tofauti yake na risasi kubwa ni kwamba fataki yake haikuwekwa katikati ya kitako cha ganda, bali imezungushwa ndani ya ukingo. Pini ya bunduki huuponda ukingo huo, na baruti ikawaka. Kwa hiyo ganda likisha kupigwa ni la kutupwa, halijazwi tena. Faida yake ni kwamba haipigi teke begani, mlio wake si mkubwa, na bei yake yamfaa mtu wa kawaida. Katika miaka hii ya 2020, risasi 500 za aina ya kawaida hupatikana kwa dola 40 au 50 hivi. Kwa fedha hizo mwindaji wa kulungu hupata pakiti moja au mbili tu za risasi 20. Ni kweli kwamba mwaka 2013, na tena mwaka 2020, watu waliziwania hata rafu za maduka zikawa tupu, na aliyekuwa na akiba yake nyumbani alimshukuru Mungu.

Ziko risasi nyingine za jamii hiyo zenye kasi zaidi, kama .22 Magnum ya mwaka 1959 na .17 HMR ya mwaka 2002. Muuzaji atazisifu. Lakini bei yake ni kubwa zaidi, na ile ya .17 huweza kumpasua kindi hata nyama isiwe na maana tena. Atafutaye kitoweo na azipite.

Sasa bunduki yenyewe. Iko ya risasi moja moja, kama Savage Rascal, iliyofanywa ndogo kwa ajili ya watoto, na kwa mtu mzima ni fupi mno begani. Iko ya wenzo, ambayo hujazwa kwa kusukuma na kurudisha wenzo ulio chini ya mkono. Zile za kampuni ya Henry hupendwa sana, na ni kweli zapendeza macho, lakini sehemu ya bei yake hulipia uzuri. Iko ya kujijaza yenyewe, na mashuhuri katika hizo ni Marlin 60 iliyoanza mwaka 1960 na Ruger 10/22 iliyoanza mwaka 1964. Mwisho iko ya komeo, ambayo mwindaji hulivuta komeo kwa mkono kila baada ya kupiga.

Kwa mwenye fedha chache, ya komeo ndiyo bora. Vyuma vyake vinavyotembea ni vichache, kwa hiyo fedha alizolipa mnunuzi zimeingia zaidi katika mtutu kuliko katika mitambo. Hukubali risasi za kila nguvu, hata zile za polepole zisizo na kishindo, ambazo bunduki ya kujijaza mara nyingi hushindwa kuzitumia kwa kuwa hazina nguvu ya kurudisha mtambo. Tena humfundisha mtu kungoja. Kijana mwenye risasi 10 ziingiazo zenyewe huona kana kwamba ya kwanza ikikosa si hasara; mwenye komeo hujua kwamba kindi hatamsubiri avute, hivyo hulenga ile ya kwanza kwa moyo wote. Savage Mark II, itengenezwayo Lakefield nchini Kanada, hupatikana mpya kwa dola 200 hadi 300 hivi, na nyingi zake zina kifyatulio ambacho mwenyewe aweza kukilegeza au kukikaza bila kumlipa fundi. Zile za CZ zitokazo Ucheki ni nzuri zaidi kwa kila hali, na bei yake hukaribia mara mbili. Mwenye uwezo hatajuta. Ila kindi atakayepigwa na moja hawezi kuijua tofauti na nyingine.

Ndani ya bei hizo imo kodi ya asilimia 11 ambayo mtengenezaji huitoa kwa serikali ya taifa, nayo kwa sheria ya mwaka 1937 huenda katika kutunza wanyama wa mwitu na makao yao. Mnunuzi huwa amekwisha kulipia msitu kabla hajauingia.

Usahihi unaotakiwa ni kiasi gani? Kindi hupigwa kichwani, ili afe papo hapo na nyama ibaki salama, na shabaha hiyo haizidi inchi moja kwa upana. Basi mtu na aiegemeze bunduki juu ya mfuko wa mchanga, apige risasi tano katika karatasi umbali wa yadi 50, kisha achukue sarafu ya robo dola, ambayo upana wake hupungua kidogo tu kwa inchi moja. Sarafu hiyo ikiyafunika matundu yote matano, bunduki yatosha. Isipoyafunika, si lazima iwe mbovu: huenda haipendi aina ile ya risasi. Katika bunduki hizi ndogo hilo ni jambo la ajabu lakini la kweli kabisa. Mitutu miwili iliyotoka kiwandani siku moja huweza kupenda risasi mbalimbali. Na anunue pakiti moja moja za aina nne au tano, azijaribu zote siku isiyo na upepo, akipangusa jasho na kuandika matokeo. Mara nyingine ile ya bei ya chini hushinda.

Zaidi ya yadi 50 au 60 mwenye busara huiacha shabaha ipite. Bunduki iliyorekebishwa kwa yadi 50, risasi yake ikifika yadi 100 huwa imeshuka inchi 6 hivi, na upepo mdogo tu huisukuma kando.

Kuhusu darubini ya kulengea, wengi hudanganyika. Ile iliyofungwa bure juu ya bunduki mpya mara nyingi haina thamani kubwa, na ile ya bunduki ya kulungu imetengenezwa ili ionyeshe sawasawa katika yadi 100 au zaidi. Ikitumiwa karibu, alama yake huonekana kuhama kila jicho linaposogea. Yafaa itafutwe ile iliyofanywa kwa ajili ya bunduki ya .22, ya ukuzaji wa mara 4 tu. Mtu mwenye dola 400 na atenge kama 240 kwa bunduki, 90 kwa darubini na vishikio vyake, na zilizobaki zote ziende katika risasi. Hesabu hii huwaudhi wauzaji.

Bunduki kuukuu yaweza kuwa bahati. Ziko nyingi za komeo, za miaka ya 1940 hadi 1960, zilizouzwa na maduka makubwa kama Sears kwa majina ya maduka yenyewe, hali zilitengenezwa na viwanda vyenye sifa. Mtutu wake, ukitunzwa, hauchakai upesi kwa risasi hizi laini. Mnunuzi na autazame mdomo wa mtutu: ukiwa umeparuzwa na fimbo ya kusafishia, risasi haziendi sawa. Atazame pia ukingo wa chemba, mahali pini ipigapo, kwani mazoea ya kufyatua bunduki tupu huacha hapo kovu, na risasi hukwama. Asishtuke akikuta haina namba. Kabla ya sheria ya mwaka 1968 nyingi za namna hii zilitoka kiwandani bila namba, na ni halali. Lakini akiona mahali ambapo namba ilikuwako ikafutwa kwa tupa, airudishe mezani na kwenda zake. Kuwa nayo tu ni kosa la jinai.

Limebaki jambo ambalo udogo wa risasi huwasahaulisha watu. Risasi ya .22 iliyopigwa juu huweza kwenda zaidi ya maili moja na robo kabla haijatua, na bado ina nguvu ya kuua mtu. Kindi naye hukaa juu ya miti. Kwa hiyo aliye katika ncha ya tawi, nyuma yake mbingu tupu, hapigwi kwa bunduki hii, hata kama kapu halina kitu na jua linazama; mwenye bunduki ya marisau na ampige, kwa sababu marisau huanguka karibu. Wa kupigwa kwa .22 ni yule aliyejibana kwenye shina nene la mwaloni, au aliyeshuka chini kuokota mbegu, udongo ukiwa nyuma yake. Maji na mawe magumu nayo ni hatari, kwani risasi hii ya risasi laini huruka kando kwa wepesi sana. Mashamba ya Kentucky si mapana kama yaonekanavyo. Nyuma ya kijisitu kuna nyumba ya mtu na kamba ya nguo.

Aina ya risasi ikisha kuchaguliwa, ni vema kununua 500 au zaidi zenye namba moja ya mkupuo, ambayo hupigwa chapa kwenye pakiti, kwa kuwa mkupuo mwingine wa jina lile lile huweza kupiga mahali pengine kidogo. Zile zilizobaki katika majaribio zisitupwe. Zatosha sana kuufundisha mkono katika yadi 25, mtu akiwa amepiga goti au amesimama bila kuegemea, kama atakavyokuwa msituni.