Kitanda Chako na Dalali wa Jumamosi



Naomba nafasi niseme juu ya vyombo vya nyumbani. Mfanya kazi wa reli ni mtu wa kuhama. Leo yuko Konza, kesho Voi, mwaka mwingine Nakuru. Barua ya uhamisho ikifika, kazi haimsumbui, maana kazi aijua. Kinachomsumbua ni kitanda, meza na kabati. Chumba cha huko ni kidogo, au bei ya lori yapita bei ya vyombo vyenyewe. Basi humwita dalali.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Miaka kadha iliyopita nilitakiwa niende upande wa pwani, na siku zilikuwa nne tu. Jumamosi jioni akaja mtu na mkokoteni. Akatazama kitanda, akatikisa kichwa, akasema mbao zimezeeka. Nilichukua shilingi 1,500 kwa kitanda pamoja na kabati, kwa sababu lori lilikuwa lije alfajiri. Kitanda kile kilikuwa cha mukau, mti wetu wa Ukambani ambao mchwa huushindwa. Huko pwani nikanunua kitanda cha mbao laini kwa shilingi 9,000, na mwaka wa tatu miguu yake ilikuwa imeliwa. Na kabati lilikuwa la mke wangu, alilonunua kwa pesa za chama cha akina mama. Sikumwuliza. Neno la kabati hilo halijaisha nyumbani mpaka leo.

Baadaye nilipata habari iliyoniuma zaidi. Ndugu aliyekuja kushika kazi yangu alilala juu ya mkeka majuma mawili. Kisha akaenda kununua kitanda, na aliyemwuzia ni dalali yule yule, na kitanda ni kile kile. Bei aliyolipa sitaitaja, nisije nikamwonea haya. Sisi wawili tu wa chama kimoja, lakini hatukuonana. Dalali alituona sote wawili.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au pesa za kutosha kulipa kodi. Lakini kifungu hicho chasema habari za nyumba. Kitanda na kabati hakivitaji. Siku za kujitayarisha na gharama ya kubeba vyombo ni mambo ya kuandikwa wazi katika mapatano ya chama na mwajiri. Kila mwanachama asome mapatano yanayomhusu kabla barua haijamfikia. Na wajumbe wetu wakikaa mezani wasione haya kutaja kabati.

Liko jambo jingine ambalo halingoji mapatano. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila tawi liwe na daftari kwa katibu. Anayehama aandike vyombo asivyovitaka na bei yake. Anayekuja aangalie humo kwanza. Nashauri hivi:

Kwanza, mke na mume wapatane ni kipi cha kuuzwa, kabla mtu wa nje hajaitwa.

Pili, bei ikubaliwe mbele ya wanachama wawili, na hati iandikwe. Mtu akisimamishwa njiani usiku na meza kichwani, awe na karatasi ya kuonyesha.

Tatu, asiuze mtu kunguni. Kunguni hukaa katika viungo vya kitanda na mishono ya godoro, na aweza kuishi miezi bila kula. Basi chumba kilichokaa kitupu si ushuhuda wa usafi. Kitanda kifunguliwe, viungo vimwagiwe maji yanayotokota, kianikwe juani. Godoro lenye kunguni lisiuzwe wala lisitolewe bure.

Nne, kabati la mbao za unga ulioshindiliwa lisifunguliwe lipakiwe lorini. Misumari ya parafujo ikitoka mara moja haishiki tena sawasawa. Afadhali liachwe lilipo, apewe anayekuja.

Tano, kilichokuwamo katika nyumba ya mwajiri ulipoingia si chako. Usikiandike. Wako waliopoteza kazi kwa kiti.

Najua atatokea mtu aseme chama ni cha kudai mishahara, si cha kuuza vitanda. Namjibu hivi: mshahara ni nini, kama si hicho kitanda? Tulidai, tukakaa vikao, tukapata nyongeza, tukanunua mbao nzuri. Halafu jioni moja tunampa mtu wa mkokoteni yote, na kumsaidia kusukuma.

Sisi twabeba mizigo ya nchi nzima na kuifikisha salama. Tushindwe na kitanda cha ndugu yetu?

Ni mimi mwanachama,
Mfanya kazi wa reli, Machakos.