Programu ya shule bila mafunzo ni hasara

Mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu kila mfanyabiashara wa Kariakoo anaujua. Hata hivyo wapo wenye shule binafsi wanaoamini kwamba ukishanunua programu ya kompyuta ya kuendeshea shule, daftari litajiandika lenyewe. Wanalipa mamilioni, wanapiga picha na muuzaji, na baada ya muhula mmoja mhasibu amerudi kwenye leja yake ya karatasi. Maoni ya safu hii ni kwamba kosa mara nyingi haliko kwenye programu. Liko kwenye bajeti, ambayo ilikuwa na fungu la mashine na haikuwa na fungu la watu.

Suala hili linawahusu wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja. Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilipowakaribisha watu binafsi, wafanyabiashara wengi wenye maduka, mabasi na mashamba wameingiza mitaji yao katika shule. Mwaka 2016 serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne katika shule zake, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Kwa hiyo mzazi anayelipa ada katika shule binafsi ana pengine pa kumpeleka mtoto. Hakuna njia ya haraka ya kumfukuza kuliko kumdai ada aliyokwisha kuilipa.

Mwenye shule mmoja wa mkoani alinikaribisha ofisini kwake nione hasara yake. Kompyuta zilikuwa tatu, moja imefunikwa kitambaa. Mhasibu, mama mtu mzima aliyeanza na shule hiyo tangu ina madarasa mawili, alikuwa akiandika malipo kwenye leja siku zote za wiki. Jumamosi alikuja kijana wa familia kuyaingiza kwenye programu. Katikati ya muhula shule ilikuwa na orodha mbili za wadaiwa zisizofanana. Watoto walirudishwa nyumbani kwa orodha ya kompyuta, na kesho yake wazazi wakafika getini na slipu za benki mkononi. Nilipouliza mafunzo yalikuwaje, nikaambiwa yalifanyika alasiri moja, wiki ile ile shule ilipofunguliwa, huku wazazi wamepanga foleni mlangoni.

Tupige hesabu ya mfano. Shule ina wanafunzi 400 na ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Mapato yanayotarajiwa ni shilingi milioni 600. Ikiwa asilimia 3 tu ya fedha hizo haijulikani imelipwa au haijalipwa, hiyo ni shilingi milioni 18 zinazoelea. Sasa chukua watumishi sita, uwafundishe siku tano kwa posho ya shilingi 50,000 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,500,000. Mlipe mkufunzi shilingi 200,000 kwa siku, jumla shilingi 1,000,000. Weka shilingi 500,000 za chakula, umeme na karatasi. Jumla kuu ni shilingi milioni 3, yaani ada ya wanafunzi wawili kwa mwaka. Mwenye shule anayeona gharama hiyo ni kubwa ajiulize kama zile milioni 18 kwake ni ndogo.

Jambo la kwanza katika mpango ni kalenda. Januari ni mwezi wa kuandikisha na kupokea ada, na mhasibu hana hata muda wa kunywa chai. Oktoba na Novemba walimu wako kwenye mitihani. Nafasi nzuri ni likizo ya Desemba, na marudio yafanyike likizo ya Juni baada ya watumishi kukutana na matatizo ya kweli. Mafunzo ya mara moja husahaulika. Anayejifunza kufunga hesabu za muhula mwezi wa kwanza hatakumbuka lolote siku ya kuzifunga.

Jambo la pili ni nani afundishwe nini. Si kila mtu anahitaji kila kitu. Mhasibu ajifunze ada, risiti na madeni. Mwalimu wa taaluma ajifunze alama na ripoti. Karani ajifunze uandikishaji, matroni orodha ya bweni, mtunza stoo vyakula na vifaa. Mkuu wa shule, na mwenye mali mwenyewe, wajifunze kusoma taarifa. Bosi asiyeweza kufungua orodha ya wadaiwa bila kumwita karani ataendelea kutegemea maneno ya karani.

Jambo la tatu, wafundishwe kwa kumbukumbu za shule yao, wasifundishwe kwa majina ya mfano aliyokuja nayo muuzaji. Kwa wauzaji kila mwanafunzi ana jina moja linaloandikwa namna moja. Kwetu mtoto ni Ally kwenye fomu, Ali kwenye cheti cha kuzaliwa, na ada imetumwa kwa simu na mjomba wake mwenye jina jingine kabisa. Kupanga malipo kama hayo ndiyo kazi yenyewe ya mhasibu, na ndiyo inayotakiwa kufanyiwa mazoezi hadi azoee. Kwa muhula mzima leja na kompyuta viende sambamba, na kila Ijumaa jumla zilinganishwe. Zikipatana mfululizo, leja ipumzike.

Wapo watakaosema vijana wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, hawahitaji darasa. Kujua simu si kujua hesabu. Kijana anaweza kubonyeza haraka na akafuta malipo ya darasa zima haraka vile vile. Kwa sababu hiyo mafunzo yaende pamoja na mipaka ya madaraka. Anayepokea fedha asiwe na ruhusa ya kufuta risiti, kila mtu awe na neno lake la siri, na nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya ofisi hiyo. Tuseme ukweli pia: baadhi ya watumishi huipinga kompyuta kwa sababu wanaielewa vizuri mno. Lakini mama yule wa leja hakuwa mwizi. Aliogopa kwamba mashine imekuja kuchukua kazi yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Wawekezaji wengi husahau jambo moja zaidi, kwamba watumishi huhama. Ajira za serikali zikitangazwa, walimu wa shule binafsi hufunga mizigo. Kwa hiyo kila kazi iwe na watu wawili wanaoijua, na hatua zake ziandikwe kwa Kiswahili chepesi kwenye daftari linalobaki ofisini.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na programu ya shule imejaa taarifa za watoto. Nchini Kenya, Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za huko kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mtumishi asiyefundishwa anaweza kumletea tajiri wake deni la namna hiyo kwa kubonyeza mara moja.

Ushauri wetu kwa mwenye shule ni huu: usimlipe muuzaji fedha zote mlangoni. Mkataba useme kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa siku watumishi wako watakapofunga hesabu za muhula wenyewe, bila muuzaji kuwepo chumbani. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atakubali. Na kwa anayetaka kununua hisa katika shule, usiulize wana kompyuta ngapi. Mwombe mhasibu akutolee orodha ya wadaiwa hapo hapo, kisha tazama kama ataifungua mashine au ataomba kwanza kumpigia mtu simu.