Daftari la Wiki: Kupanda Ngomo

Lubumbashi ni mji wa tambarare. Tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini barabara za katikati ya mji zimenyooka tangu Wabelgiji walipozichora, na mlima tunaomwonyesha mgeni ni ule mweusi wa masalia ya shaba, kando ya bomba la moshi la kampuni ya Gécamines. Dereva aliyejifunzia hapa mtaani Katuba anaweza kuendesha miaka mingi bila kulazimika kuondoa gari lililosimama mlimani.

Ndiyo maana kijana wa jirani aliponiuliza, “Papa, hii gari ndogo itafika Bukavu?” nilimtajia mlima wa Ngomo.

Barabara ya Taifa Namba 5 inatoka kwetu, inapita Pweto, Moba, Kalemie na Uvira hadi Bukavu. Bonde la Ruzizi, ukitoka Uvira, halina taabu ya mwinuko. Taabu huanza ukishaiacha Kamanyola. Ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, liko mita 773, Ziwa Kivu, upande wa Bukavu, mita 1,460, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaipanda pale Ngomo. Nilipopita ilikuwa njia ya udongo, ukuta wa mlima huku, korongo kule.

Nilimtazama sana utingo mmoja. Lori lilipanda kwa gia namba moja, naye akitembea nyuma ya tairi na kabari ya mti mkononi. Injini ilipolegea, aliisukumia kabari chini ya tairi kabla lori halijarudi hata shubiri moja. Nguvu iliporudi, akaichomoa, akakimbia. Abiria waliokaa juu ya magunia walikuwa salama kwa sababu yake, na malipo ya kazi hiyo ni madogo mno.

Kwa atakayepita: punguza gia kabla ya kuanza kupanda, usilikaribie lori lililo mbele, na uteremke kwa gia nzito, maana breki zikishika moto hazikamati. Mvua ikinyesha, subiri.

Mwinuko mkali si sababu ya kuiacha njia iwe ya udongo. Huko Dunedin, New Zealand, kuna mtaa wa Baldwin wenye mwinuko wa asilimia 34.8: kwa kila mita 100 za usawa unapanda karibu mita 35. Sehemu yake ya juu imemwagwa zege, kwa kuwa lami ingelainika juani na kuteremka. Huo ni mtaa wa makazi tu. Ngomo inaunganisha miji miwili mikubwa, Uvira na Bukavu, na bado kwa miaka mingi wenye magari madogo wamevuka mpaka Kamanyola, wakafuata lami ya Rwanda kupitia Bugarama, ndipo wakaingia tena Kongo. Raia kuomba ruhusa ya nchi jirani ili afike mji wa nchi yake ni aibu.

Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na safari hiyo ikawa ngumu zaidi. Amani ikirudi, serikali isiiache Ngomo nusunusu: imwage zege kwenye kona kali, ijenge mitaro ya mawe upande wa mlima na kingo imara upande wa korongo.