Mgeni njoo, mwenyeji apone

Jirani yangu mmoja hapa Ganjoni, mwanafunzi wa shule ya upili, alinijia jioni moja na tarakilishi aliyoazimwa na nduguye. Katika programu aliyokuwa akiitumia kwa Kiswahili, pahali pa kuhifadhi kazi paliandikwa "Okoa", kana kwamba insha yake ilikuwa ikizama Kilindini. Kijana alicheka, kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: aliwaandikia wasimamizi wa programu hiyo akapendekeza neno "Hifadhi". Baada ya majuma kadhaa alijibiwa kwa sentensi moja tu, kwamba afuate utaratibu. Utaratibu wenyewe hakuonyeshwa. Akakata tamaa.

Kisa ni kidogo, lakini kimebeba jambo zito. Programu hiyo ni miongoni mwa programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake ya ndani, au msimbo, yako wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyasambaza. Linux, inayoendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliyekuwa na umri wa miaka 21.

Wala tusidhani kuwa haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mwezi Januari 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, Wakenya waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya habari za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Kwa maoni yangu, kinachowazuia vijana wetu si uhaba wa akili bali ni namna wanavyopokewa. Fundi wa milango ya Mji wa Kale hampi mwanagenzi kazi ya nakshi siku ya kwanza. Humpa msasa, akamsimamia. Katika programu huria msasa huo ni kuripoti hitilafu, kusahihisha tafsiri au kuandika maelezo ya matumizi. Miradi mingi huzitia kazi kama hizo alama maalumu kwa ajili ya wanaoanza. Hata hivyo, alama haitoshi pasipo mtu wa kumkaribisha mgeni na kumwonyesha kosa lake kwa upole.

Hapo ndipo walimu wanapohitajika. Mazungumzo ya miradi mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na gharama ya intaneti humlemea mzazi. Chumba cha tarakilishi kinachofungwa kwa kufuli kila alasiri chaweza kufunguliwa siku moja kwa juma. Mwalimu wa tarakilishi aeleze utaratibu, na mwalimu wa Kiswahili apime maneno.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mtoto afanye kazi bila ujira? Swali hilo ni la haki, maana yapo makampuni makubwa yanayojitajirisha kwa jasho la waliojitolea. Lakini mwanafunzi naye hupata kusoma kazi za mabingwa, husahihishwa nao, na mchango wake hubaki kwenye kumbukumbu ukiwa na jina lake.

Zaidi ya hayo, maneno ya Kiswahili ya tarakilishi yanachaguliwa wakati huu, nayo huchaguliwa na wale waliohudhuria. Sisi watu wa Mvita tunaojivunia lugha, tukiishia kuicheka "Okoa" barazani, tusije tukalalamika wajukuu wetu watakapoirithi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana yule nimemsihi ajaribu tena, safari hii akiwa na mwalimu wake ubavuni. Shime walimu, mfungulieni mlango!