Ukumbi wa Wanawake, Kinanda cha Wanawake, Bisibisi ya Nani?



Sherehe ya wanawake tunaipangia ulinzi kwelikweli. Mlangoni anawekwa shangazi mkali, simu zinakusanywa, mpiga picha ni mwanamke, na kijana anayeleta soda anaishia barazani. Bi harusi anavua baibui, nywele zinaonekana, hina na piko mpaka juu ya viwiko. Halafu katikati ya raha kitufe kimoja cha kinanda kinazama na hakirudi, na wote tunaanza kuulizana fundi yuko wapi. Fundi ni mwanamume. Tunaambiwa tujifunike dakika kumi tu, na dakika kumi za fundi sote tunazijua.

Mimi naona jambo hili halina sababu. Kitufe cha kinanda kilichovunjika si kazi ya kumwingiza mwanamume kwenye ukumbi wa wanawake. Ni kazi ya mezani, nyumbani, na kila kikundi cha wanawake chenye kinanda kingekuwa na mmoja wao anayeijua.

Najua wapo kati yenu wasiokitaka kinanda kabisa. Dufu harusini lina ushahidi wake katika hadithi, na kuhusu ala nyingine wanazuoni wametofautiana. Anayejizuia namheshimu, wala simvuti. Nasema na wale ambao kinanda tayari kimo ndani ya sherehe yao, nao si wachache. Na wanawake kushika muziki si jambo geni huko kwenu Unguja. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa klabu ya wanaume, lakini mwaka 1928 Siti binti Saad alikwishafika Bombay kurekodi santuri. Leo lipo kundi la Tausi la Bi Maryam Hamdan, ambamo wanawake hawaimbi tu, wanapiga ala wenyewe. Sasa kama mkono wa mwanamke unaweza kupiga, kwa nini ushindwe kufungua skrubu?

Mimi ni mshonaji, na niwaambie ukweli: kinanda ndani ni rahisi kuliko cherehani. Kinanda cha kawaida cha vitufe 61 kina vyeupe 36 na vyeusi 25. Kila kitufe ni plastiki iliyoshikwa nyuma, na mara nyingi ina springi ya kukirudisha juu. Chini yake kuna utepe wa mpira wenye vidoti vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, vidoti vinagusa bodi, sauti inatoka. Kwa kawaida vidoti ni viwili kwa kila kitufe, kimoja kinagusa kabla ya kingine, na kinanda kinapima muda kati yao ili kijue umebonyeza kwa nguvu au polepole. Ndiyo maana kitufe chenye vumbi ama hakilii, ama kinalia kwa kishindo hata ukikigusa taratibu. Hicho hakijavunjika, ni kichafu. Huku kwetu Gairo upepo na vumbi havina adabu, nadhani nusu ya vinanda vinavyosemwa "vimekufa" vina mchanga tu. Kwenu pwani adui ni chumvi ya hewa, inakula springi na skrubu.

Kabla ya yote chomoeni waya na mtoe betri. Kigeuzeni juu ya blanketi, mfungue skrubu za chini, na kila skrubu muipange kwenye karatasi mahali pake ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu na ndefu ikirudi pa fupi inatoboa. Mkifika kwenye vitufe, angalieni kwanza springi. Mara nyingi imechomoka tu, na kibano cha nyusi kinairudisha. Vidoti vya mpira futeni kwa pamba yenye spiriti safi, ile wanayosafishia mafundi simu, kwa mkono mwepesi, na muache pakauke. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha isikaribie kabisa, inayeyusha plastiki.

Kama plastiki yenyewe imepasuka, hapo ndipo watu wanakimbilia gundi. Gundi ya kubandikia kucha ni ndugu wa zile gundi kali za dukani: inashika haraka ikawa ngumu kama kioo, na sehemu ya nyuma ya kitufe inapinda kila unapobonyeza, basi inakatika tena. Kwa ufa wa juu inafaa, kwa sehemu inayopinda ni bure. Mimi nahamisha. Mpigaji wa harusi ni nadra kufika mwisho wa kulia wa kinanda, kwa hiyo kitufe kizima cha huko kinakuja katikati, na kilichovunjika kinakwenda kupumzika pembeni. Ila vyeupe havifanani: katika kila kundi la saba, kila kimoja kina mkato wake wa kupishana na vyeusi. Kinachokaa kushoto mwa vyeusi viwili kibadilisheni na mwenzake wa kushoto mwa vyeusi viwili, kama mkono wa kulia wa gauni usivyokubali bega la kushoto. Na kile cheupe cha mwisho kabisa kulia msikitegemee, mara nyingi hakina mkato upande wowote. Vinanda vingine vitufe vimeungana kwa kundi, hapo linatoka kundi zima.

Kutoka hapa mpaka Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 100. Nauli ya kwenda na kurudi, mzigo, gharama ya fundi, kisha unaambiwa "nunueni kipya". Kinanda kizima kutupwa kwa kitufe kimoja kati ya 61, hiyo kwangu ni israfu, na israfu tumekatazwa hata kwenye maji ya udhu.

Wapo watakaosema mwanamke ataharibu. Watu haohao hawana wasiwasi anapofungua cherehani yenye mota. Wengine watasema haipendezi kumwona bi harusi mtarajiwa na bisibisi. Sawa, mpeni wifi yake.

Sehemu moja tu msiiguse: vile vinanda vikubwa ambavyo waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani, bila adapta ya nje, vina sehemu ya umeme inayoweza kubaki na moto hata baada ya kuchomoa. Ikiwa ubovu ni huo, apewe fundi. Lakini kinanda ndicho kipelekwe kwake, mchana, siku kadhaa kabla ya shughuli.