FOLENI IMEHAMIA SAIBA

Wahenga walinena, chelewa chelewa utapata mwana si wako. Mimi karibu niwe huyo mwana! Nilipokuwa darasa la nne, mama alikwenda mara tatu katika ofisi moja ya serikali kutafuta cheti changu cha kuzaliwa. Mara ya kwanza faili haikuonekana. Mara ya pili karani alikuwa ametoka. Mara ya tatu akaambiwa atoe "chai". Kila safari alikosa kibarua cha siku nzima.

Wasomaji wapenzi, ndiyo sababu naunga mkono huduma za serikali kwa njia ya kompyuta. Kituo cha kwanza cha Huduma kilifunguliwa Nairobi mwaka wa 2013, kisha ukaja mtandao wa eCitizen. Siku hizi mtu huomba cheti au pasipoti, hulipa kwa M-Pesa na kupata risiti papo hapo. Malipo yakiacha alama, nafasi ya kudai chai hupungua.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mwaka jana ndugu yangu mdogo alihitaji cheti chake. Mama hana simu ya kisasa, kwa hivyo alikwenda saiba. Fomu aliyowekewa ilikuwa ya Kiingereza. Kijana wa saiba akamjazia, akamtoza ada yake, na nywila akabaki nayo yeye! Jamani, foleni haikuisha, imehama tu. Isitoshe, Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa na wadukuzi na watu wengi wakakwama. Basi dirisha la karani lisifungwe kabisa.

Nina maoni mawili. Kwanza, kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mbona basi mama asisome fomu ya serikali yake kwa Kiswahili? Pili, maabara yetu ya kompyuta hufungwa kila Jumamosi. Walimu wetu wapendwa, tufungulieni. Sisi wanachama tutawaeleza wazazi maneno magumu, lakini wao wenyewe ndio watakaobonyeza na kutunza nywila zao.

Tunajifunza kompyuta ili tupite mtihani, sawa. Lakini elimu isiyoweza kumwondoa mama kwenye foleni, ina faida gani?

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu