Mtandao Ukikatika Kishushe
Programu ya simu au ya kompyuta itakayotumika Kishushe, eneo linalopakana na mbuga ya Tsavo Magharibi, huandikwa kana kwamba mtandao haupo. Taarifa za shamba lililovamiwa na ndovu, au uzito wa lori la mawe ya chuma, huhifadhiwa kwanza kwenye kifaa chenyewe. SQLite, hifadhidata ambayo imo tayari ndani ya Android na iOS na hufanya kazi vilevile kwenye kompyuta, yatosha kabisa. Kutuma ni kazi ya baadaye, na hapo ndipo wengi huteleza: ujumbe umefika kwenye seva, jibu limepotea njiani, simu inatuma tena, shamba moja linahesabiwa mara mbili. Dawa ni simu kuipa kila rekodi kitambulisho cha pekee tangu inapoandikwa, ili seva itambue nakala na kuiacha. Kwa malipo ya M-Pesa tahadhari hiyo haina mjadala. Majaribio ya kutuma yaachane kwa vipindi vinavyorefuka, la sivyo betri huisha bure. Wakati uhifadhiwe kwa UTC, saa ya kimataifa. Saa 3 za kuongeza ili kupata saa ya Kenya, na desturi ya kuiita 08:00 saa mbili asubuhi, ni za kuonyeshwa kwenye skrini tu.